Vifuniko 441: shajara ya mradi wa kuihesabu Nairobi

Jumanne, 6 Mei 2025

Nimeingia Kidato cha Nne nikiwa na swali nililodhani jepesi: Nairobi ina watu wangapi? Majibu yakaruka kutoka kila pembe. Milioni moja. Milioni kumi. Kijana mmoja wa nyuma akasema milioni ishirini, na hakuna aliyempinga.

Hawa ni watoto wanaoweza kukuandikia maana ya msongamano wa watu bila kukosea hata nukta. Wameikariri tangu muhula uliopita. Ila takwimu zenyewe hazijawaingia. Hazijafika kwenye ploti za vyumba vya kupanga wanazolala, wala kwenye foleni ya maji, wala kwenye matatu wanazogombania Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi. Nikiwaacha hivi watapita mtihani, sina shaka, na watatoka shuleni wakiamini mada ya idadi ya watu ni orodha ya istilahi.

Baada ya masomo nimekutana na Chama cha Jiografia, wanachama 22, na tumekubaliana kazi tatu za muhula huu. Kwanza ramani ya Nairobi kwenye uwanja wa paredi, watu wawekwe juu yake kwa vifuniko vya soda. Pili piramidi ya umri na jinsia, mchoro wa fito zinazoonyesha idadi ya watu wa kila umri, ukutani nyuma ya darasa. Tatu tuhesabu wenyewe ploti tano za mtaa ulio karibu na shule. Mtihani wataufanya kwa Kiingereza, lakini mradi tutauendesha kwa Kiswahili, kwa sababu mwisho wa muhula wataueleza mbele ya wazazi wao.

Takwimu zetu ni za sensa ya 2019 zilizotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Kenya nzima: watu 47,564,296. Nairobi: 4,397,073.

Ijumaa, 9 Mei

Vifuniko vinaingia. Mama wa kibanda cha chakula kilicho mkabala na lango ametuwekea ndoo, na anaowauzia soda wanavidondosha humo bila kuuliza. Wasichana wawili wanaokaa Kariobangi wamekuja na mfuko mzima. Tunavichemsha kidogo kwa sababu ya nyuki.

Jumatano, 14 Mei

Wazo la kwanza lilikuwa kifuniko kimoja kiwe watu 1,000. Tulipogundua tungehitaji 4,397, tukapanda hadi 10,000. Kwa hiyo Nairobi ni vifuniko 440. Hesabu rahisi, nikawaacha wagawe kaunti ndogo zote kumi na moja peke yao.

Wamerudi na orodha hii: Dagoretti 43, Embakasi 99, Kamukunji 27, Kasarani 78, Kibra 19, Lang'ata 20, Makadara 19, Mathare 21, Njiru 63, Starehe 21, Westlands 31. Wakajumlisha. 441. Wakajumlisha tena. 441. Nusu saa nzima wakatafuta nani kakosea, na mweka hazina wa chama, msichana asiyekubali senti ipotee kwenye daftari lake, akakaribia kulia.

Hakuna aliyekosea. Tulikadiria kila kaunti ndogo peke yake, Kibra kutoka 185,777 hadi 19, Makadara kutoka 189,536 hadi 19, Embakasi kutoka 988,808 hadi 99, na vipande hivyo vidogo vya kupandisha vilizidi vile tulivyoteremsha. Nairobi nzima ukiikadiria kwa mkupuo mmoja unapata 440. Kifuniko kile kimoja kimezaliwa na kukadiria tu. Hakina watu ndani yake.

Nimefurahi kuliko ningefurahi wangepata 440. Sasa wakiona jedwali limeandikwa chini kwamba jumla huenda isilingane kwa sababu ya ukadiriaji, hawatapita juu juu. Mweka hazina ameomba kifuniko hicho kipakwe rangi nyekundu kikae kando, kisichanganywe na watu.

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya ramani. Mita moja uwanjani ni kilomita tano ardhini. Kila mita mraba ya saruji, basi, inabeba kilomita mraba 25, na Nairobi yote, ambayo ni takriban kilomita mraba 700, inatoshea kwenye mita mraba 28. Tumechora kwa chaki kuanzia saa tatu. Mipaka ya kaunti ndogo imetusumbua. Tumeifuta upande wa Njiru na Kasarani mara tatu.

Halafu tukaanza kuweka vifuniko.

Mathare ina takriban kilomita mraba tatu. Kwa kipimo chetu hiyo ni sehemu ndogo inayolingana na daftari la A4 lililofunguliwa, kurasa mbili zikiwa wazi. Vifuniko 21 vikaingia humo. Lang'ata ina karibu kilomita mraba 217. Kwenye saruji hiyo ni karibu mita mraba tisa, na kijana mmoja akaipima kwa hatua akasema, "Mwalimu, hii ni ukubwa wa chumba chetu." Kweli. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ndicho nyumba nzima ya familia nyingi za wanafunzi wangu, ni mita mraba tisa na kitu. Ndani ya chumba hicho tukatawanya vifuniko 20.

Ishirini na moja kwenye daftari. Ishirini chumbani. Uwanja ukanyamaza. Sikuhitaji kusema lolote, na nashukuru sikusema.

Baadaye ndipo tukapiga hesabu: Mathare karibu watu 69,000 kwa kilomita mraba, Lang'ata karibu 900. Wastani wa Nairobi yote ni 6,247. Nikawauliza wanionyeshe kwenye ramani mahali penye watu 6,247 kwa kila kilomita mraba. Wakatafuta. Wastani ule ni wa kweli kwenye karatasi, lakini ukiutafuta uwanjani huoni wakazi wake.

Msichana anayetoka Mathare ndiye aliyepinga hesabu ya Lang'ata. Akasema si haki, kule kuna simba. Ana hoja nzito. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ina takriban kilomita mraba 117 na sehemu yake kubwa imo Lang'ata. Hakuna kaya mle. Ukiiondoa, msongamano wa Lang'ata unapanda karibu maradufu. Tukakusanya vifuniko vyote 20 tukavisogeza kaskazini, tukaiacha mbuga tupu. Ramani ikabadilika sura papo hapo. Hapo nimewaeleza kwamba kila unapogawanya watu kwa eneo, jiulize eneo hilo lina nini: ziwa, msitu, jangwa, uwanja wa ndege. Marsabit ina watu sita kwa kilomita mraba, lakini hao sita hawakugawana ardhi sawasawa. Wamekusanyika Marsabit mjini, Moyale na kwenye visima.

Mvua ilianza saa nane. Tumepiga picha kabla chaki haijayeyuka.

Jumatatu, 19 Mei

Uwanja umeoshwa mweupe. Vifuniko vyote vimepatikana isipokuwa vinne vya Embakasi.

Jumanne, 27 Mei

Piramidi imeanza. Nimewapa kwanza jedwali la Kenya nzima, makundi ya miaka mitano mitano, wanaume kushoto na wanawake kulia. Kabla ya kuchora nilitaka wabashiri, na karibu wote walichora paa la nyumba: chini pana kabisa, juu kali. Ndivyo lilivyokuwa kwa wazazi wao. Ila 2019 chini kabisa pameanza kujikunja ndani. Kundi la miaka 0 hadi 4 ni dogo kuliko la 5 hadi 9. Watoto wanaendelea kuzaliwa kwa wingi, na asilimia 39 ya Wakenya walikuwa chini ya miaka 15, lakini kila mama anazaa wachache kuliko mama yake alivyozaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kupata watoto wanane hivi maishani. Utafiti wa 2022 ulipata wastani wa 3.4. Huo nao ni wastani wa nchi: Mandera 7.7, Nairobi 2.5.

Wakachora, wakapaka rangi, wakapendezwa na kazi yao. Kisha nikawapa Nairobi.

Kundi lililopewa makaratasi ya Nairobi lilikuja kwangu likisema limeharibu. Umbo halikuwa paa. Chini pana kiasi, halafu linaanza kubana, linabana hasa kwa walio na miaka 10 hadi 19, halafu ghafla linafura kwa walio na miaka ishirini na kitu, na juu ya hapo linaporomoka upesi hadi wazee wanakuwa ukanda mwembamba tu. Mmoja alisema linafanana na mtungi uliowekwa juu ya sahani. Walikuwa wamehakiki namba mara mbili. Namba zilikuwa sawa.

"Sasa hawa watoto wa miaka kumi na mitatu wameenda wapi, Mwalimu? Wamekufa?"

Swali hilo limenikaa kichwani jioni yote. Nimewaacha nalo kwa makusudi. Vifo havichimbi kiuno cha namna hiyo katikati ya piramidi, isipokuwa vita au njaa kali, na Nairobi haikupitia hilo. Kuna njia tatu tu za idadi ya watu wa mahali kubadilika: kuzaliwa, kufa na kuhama. Nimewaambia waondoe moja baada ya nyingine mpaka ibaki ile isiyoondoka. Tutarudi hapo.

Jambo jingine la leo. Pande mbili za piramidi hazikutosha. Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kuhesabu huntha, watu ambao maumbile yao si ya kike wala ya kiume pekee, na iliwapata 1,524, kati yao 245 Nairobi. Mwanafunzi aliuliza tuwaweke upande gani. Tumeandika idadi yao juu ya piramidi kwa herufi kubwa kama zile nyingine. Nilipenda kwamba aliyeuliza hakuuliza kwa mzaha, na waliomsikia hawakucheka.

Alhamisi, 29 Mei

Kipindi kimoja tu, lakini kimetuponya kosa linalopoteza alama kila mwaka.

Nimeandika ubaoni: kati ya 1979 na 1989 Kenya iliongezeka kwa takriban asilimia 3.4 kwa mwaka, kati ya 2009 na 2019 kwa takriban asilimia 2.2. Nikauliza ni kipindi kipi kilichoongeza watu wengi zaidi. Darasa zima likajibu cha kwanza. Tukatoa. Mwaka 1979 tulikuwa 15,327,061 na 1989 tukawa 21,448,774, nyongeza ya milioni 6.1. Mwaka 2009 tulikuwa 38,610,097 na 2019 tukawa 47,564,296, nyongeza ya karibu milioni 9. Kasi imepungua na bado waliongezwa wengi zaidi, kwa sababu kasi ndogo ilipigwa juu ya umma mkubwa. Nimewapa mfano wa chama cha akiba: riba ya shilingi mbili kwa mia juu ya laki moja inakuzidi riba ya shilingi tatu kwa mia juu ya elfu hamsini.

Kuna njia ya mkato ya kujua idadi itajirudufu baada ya muda gani: gawa 70 kwa asilimia ya ongezeko. Kwa 3.4 unapata miaka 20 na kitu, na kweli kutoka 1979 hadi 1999 tulitoka milioni 15.3 hadi milioni 28.7, karibu maradufu. Kwa 2.2 ni miaka 32 hivi. Wamependa hesabu inayojithibitisha.

Jumamosi, 7 Juni

Hesabu yetu ya ploti tano imeharibika, na kosa ni langu.

Tulikuwa tumejiandaa vyema. Mwalimu mkuu aliridhia, wazazi walitia saini, chifu alijulishwa, mzee wa mtaa alikubali kutembea nasi. Maswali manne tu: umri, jinsia, kaunti uliyozaliwa, na ulilala wapi usiku uliopita. Hatuandiki jina la mtu wala nambari ya mlango, na nimewaapisha wanafunzi kwamba wanachosikia mlangoni hakirudi shuleni kama umbea. Ni somo lenyewe hilo: sheria inakataza makarani wa sensa kufichua habari za mtu mmoja mmoja.

Tatizo ni usiku nilioupanga. Nilichagua usiku wa kuamkia leo kwa sababu jana ilikuwa sikukuu ya Idd na nilidhani watu watakuwa nyumbani wamepumzika. Tumekuta makufuli. Wikendi ndefu, watu wameenda ushago, wengine wako kwa jamaa Eastleigh na Pangani wakisherehekea. Na kwenye chumba kimoja tumekuta watu kumi na mmoja, tisa wakiwa wageni.

Tungeandika matokeo yale, tungesema mtaa ule una nusu ya watu wake. Tangu 1969 sensa za Kenya zimefanywa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti, na wanafunzi walikuwa wakiikariri tarehe hiyo bila kuona sababu. Unatafuta usiku ambao watu wametulia, hawako njiani wala harusini. Kisha unamhesabu kila mtu pale alipolala usiku huo: nyumbani, hotelini, hospitalini, kwenye basi, kwenye veranda ya duka. Hapo ndipo alipo, hata kama kwao ni kwingine.

Tumeahirisha hadi Jumatano isiyo na jambo.

Alhamisi, 19 Juni

Jana usiku hakukuwa na sikukuu, mvua wala mpira. Leo tumegonga milango kuanzia saa kumi na moja jioni hadi giza.

Ploti ya pili, mwenye nyumba alitukataa langoni. Alidhani tunahesabu wapangaji kwa ajili ya kodi au bili ya maji. Mzee wa mtaa alizungumza naye, nasi tukamwonyesha karatasi zisizo na majina, akatuachia tuingie lakini akatufuata mlango kwa mlango. Sikumlaumu. Watu wa mitaa hii wameshawahi kuhesabiwa kisha wakabomolewa nyumba. Ukitaka kujua kwa nini baadhi ya watu hujificha wakisikia sensa, anzia hapo.

Kila mahali tulikuta chumba kilicholala tupu. Mlinzi yuko lindo, muuguzi yuko zamu ya usiku, utingo kalala ndani ya gari Kitengela. Wanafunzi walijadiliana barazani kama mlinzi ahesabiwe. Wakaamua ahesabiwe, kwa sababu alirudi alfajiri kabla hajahesabiwa kwingine. Huo ndio uamuzi ambao sensa ya taifa nayo huufanya kwa wafanyakazi wa usiku, na wao waliufikia bila kuambiwa.

Ila kumbukumbu ya siku ni shosho wa ploti ya nne. Anauza sukuma wiki mlangoni. Mmoja wa wasichana akapiga magoti kiasi, akamsalimu, akauliza, "Shosho, una miaka mingapi?"

"Andika sabini, mjukuu wangu."

Msichana alikuwa tayari anaandika. Nilimgusa bega. Tulikuwa tumezungumza kuhusu jambo hili darasani: watu wasiojua tarehe yao ya kuzaliwa hukimbilia umri unaoishia na sifuri au tano, na ukichora umri wa nchi mwaka mmoja mmoja unaona minara kwenye 30, 35, 40, 45, na mabonde kati yake. Kwa hiyo makarani hubeba kalenda ya matukio. Msichana akakumbuka.

"Shosho, mafuriko makubwa ya kabla ya uhuru ulikuwa umezaliwa?"

Akacheka. Mafuriko ya 1961 anayakumbuka vizuri, daraja lilichukuliwa na maji na yeye alikuwa akichunga mbuzi na kaka yake. Alikuwa bado hajaanza shule? Alikuwa ameanza, alikuwa darasa la pili. Na shule alianza akiwa mkubwa, mkono ulikuwa unafika sikio la upande wa pili ukiupitisha juu ya kichwa. Tukapiga hesabu pale pale mlangoni, tukafika sabini na mbili au sabini na tatu. Tukaandika sabini na mbili.

Akatueleza pia alivyofika Nairobi: mwaka Mzee Kenyatta alipofariki, 1978, akiwa na mtoto mgongoni na anwani ya shemeji yake Kaloleni. Wanafunzi wangu wakatazamana. Sensa iliyofuata, ya 1979, iliikuta Nairobi ina watu 827,775. Embakasi peke yake leo inaizidi Nairobi yote aliyoikuta shosho. Mweka hazina alimwambia hivyo, na shosho akanyamaza kidogo, akauliza, "Na maji waliongeza?"

Nimeliandika swali hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Sijaona swali bora zaidi la jiografia ya watu mwaka huu.

Jumatatu, 23 Juni

Tumejumlisha. Zaidi ya nusu ya watu wazima katika ploti zile tano walizaliwa nje ya Nairobi, wengi Machakos, Kitui, Murang'a, Siaya na Kakamega. Vyumba vingi vina mtu mmoja au wawili. Vijana walishangaa, kwa sababu kwao wako sita au saba, na walikuwa wamekataa katakata kuamini kwamba wastani wa kaya Nairobi ni watu 2.9, huku Mandera ukiwa 6.9. Sasa wamewaona kwa macho: fundi wa miaka 24 peke yake, wasichana wawili wa duka la nguo wanaogawana kodi.

Ploti tano si Nairobi, na nimewakataza kuandika sentensi yoyote inayoanza na "wakazi wa Nairobi".

Uwiano wa utegemezi umezua mjadala mkali. Kanuni ni kujumlisha walio chini ya miaka 15 na walio na 65 na zaidi, kugawa kwa walio kati ya 15 na 64, kuzidisha kwa mia. Kwa Kenya ya 2019 inakuja takriban 75. Lakini shosho wa sukuma wiki, kwa kanuni hii, ni mtegemezi, na vijana 22 wa chama changu, wanaokula, kuvaa na kusoma kwa jasho la wengine, ni nguvukazi. Kijana mmoja alisema kanuni imekosea ifutwe. Mimi naona ifundishwe hivyo hivyo, kwa sababu inaruhusu kulinganisha Kenya na Japani kwa kipimo kimoja, lakini ikifundishwa bila shosho inapotosha.

Ijumaa, 11 Julai

Wazazi wanakuja kesho. Leo tumerudi kwenye kiuno cha piramidi.

Kuzaliwa waliondoa: waliozaliwa kati ya 1999 na 2009 hawakuwa wachache kiasi hicho, piramidi ya Kenya inaonyesha hivyo. Kufa waliondoa. Ikabaki kuhama, na walishajua kwamba uvimbe wa miaka ya ishirini ni vijana waliokuja kutafuta kazi na vyuo, kama yule fundi. Lakini kiuno bado kilikuwa kinawasumbua. Anayekuja mjini akiwa na miaka 23 anaeleza uvimbe. Anayekosekana akiwa na miaka 11, je?

Nikawauliza, usiku wa Jumamosi tarehe 24 Agosti 2019 kila mmoja wenu alilala wapi?

Walikuwa na miaka kumi, kumi na mmoja. Wanakumbuka. Wengine wanamkumbuka karani mwenye kishikwambi na fulana yake, wengine namba iliyoandikwa mlangoni kwa chaki. Nikawapa kila mmoja kifuniko na gundi: aliyelala Nairobi akibandike kwenye piramidi ya Nairobi, kundi la 10 hadi 14, aliyelala kwingine asikibandike.

Kumi na watatu wakasimama, wakabandika. Tisa wakabaki wamekaa na vifuniko mikononi.

Alianza msichana wa Kitui, ambaye huwa hasemi mengi. Alilelewa na shosho yake hadi alipomaliza darasa la nane. Mama yake alikuwa Nairobi akifua nguo za watu na kutuma pesa, kwa sababu chumba kilikuwa kimoja na karo ya huku haiwezekani. Mwingine alikuwa Bondo. Mwingine Mwingi. Mmoja alikuwa bweni Nyeri. Walieleza mmoja mmoja, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Akina mama wamo kwenye uvimbe, watoto wao hawamo kwenye ukuta ule.

"Kwa hivyo kiuno ni sisi," msichana wa Kitui akasema.

Akaenda kwenye piramidi ya Kenya, upande wa wanawake, akabandika kifuniko chake hapo. Wale wanane wakamfuata.

Bado kufanya kabla ya saa tatu kesho: kuchora upya ramani uwanjani, kutafuta vifuniko vinne vya Embakasi au kuongeza vingine, kumpeleka mtu ploti ya nne amkumbushe shosho kwamba kiti chake kiko mbele. Mweka hazina anauliza kile chekundu tukiweke wapi. Nimemwambia kikae mezani kwake, mzazi akikiuliza yeye ndiye atakayejibu.